Kuku Mwekundu Kwenye Kona ya Blanketi

Mwanangu Adelina,

Umetoka sasa hivi na wadogo zako kwenda kumuaga bibi, na ninajua bibi hatakuachia upesi. Atakushika mikono yote miwili, atakuita mwana wanje, mwanangu kwa Kirundi chake, atakulisha viazi hata ukimwambia umeshiba. Kwa hiyo nina muda kidogo. Jua bado lipo juu ya migomba, maharage nimeyabandika, na nimechana karatasi za katikati kwenye daftari la mdogo wako. Akiuliza nitakiri.

Mambo ya sabuni, ndoo, kufuli la tranka na kuamka mapema sitayagusa. Baba yako amekuambia mara tatu, shangazi yako amekuambia kwa simu akipiga kelele kama uko ng'ambo ya mto, na ile karatasi ya shule imeandika vyote hadi idadi ya soksi. Mimi nina jambo moja tu. Nimelibeba tangu ukiwa darasa la nne. Unalijua, nami ninajua kwamba unalijua. Tumeishi nalo humu ndani kama watu wenye shimo katikati ya ua: kila mmoja anapita pembeni, hakuna anayelitaja, na wageni wakija tunaweka ungo juu yake.

Ni habari ya blanketi lako.

Nianzie nyuma kidogo, maana wewe ulikuwa mtoto na kuna upande ambao hukuuona. Nilikuzaa nikiwa na miaka kumi na saba. Niliishia la saba, kama unavyojua, na jiko langu la kwanza lilikuwa mawe matatu nyuma ya nyumba ya bibi yako. Bibi alivuka kutoka Burundi akiwa amenifunga mgongoni, na mpaka ninakua hapa Nyantakara kulikuwa na watu wakitutaja wanasema "wale waliokuja". Hawakusema kwa ubaya. Lakini mtu ukiitwa aliyekuja kwa miaka ishirini na tano, unatamani siku moja uitwe aliyepo.

Ndiyo sababu niliingia kile kikundi cha Alhamisi. Baba yako alidhani napenda kushona. Mimi sindano sikuipenda hata kidogo. Niliwaona wale akina mama wamekaa barazani kwa Mama Domina, gunia la mabaki ya vitenge kutoka kwa mafundi cherehani wa Nyakanazi limemwagwa katikati, wanagombania vipande na kucheka mpaka wanajifuta machozi, nikasema moyoni, na mimi nataka kukaa pale. Nilikuwa na miaka ishirini na saba. Wengine walikuwa na wajukuu. Mama Domina mwenyewe nilimwamkia shikamoo karibu nipige goti, akasema, "Marahaba, mwanangu. Kaa. Una sindano?" Nikasema ninayo. Sikuwa nayo. Nilikuja kukuomba wewe ile uliyopewa shuleni kwa kazi za mikono.

Utaratibu wa mkekani unaujua, lakini acha niuandike, kwa sababu kosa langu lilipita humo humo. Kila mtu anashona blanketi lake la vipande nyumbani kwake. Alhamisi anakuja na kazi yake, iwe imekamilika au nusu, anaitandaza kwenye mkeka ili wenzake waione. Akishatandaza, anakaa pembeni, mikono mapajani, kimya. Hatetei, haelezi, hashukuru. Wenzake wanasema wanachokiona, mmoja baada ya mwingine, hadi wa mwisho. Ndipo Mama Domina anamgeukia: "Haya, sema." Hapo mwenye kutandaza anasema kazi ni ya nani, maana wakati mwingine mtu anamtandazia mgonjwa, na anasema vipande vimetoka wapi na humo ndani ameshona nini. Blanketi likikamilika linangoja mtoto atakayezaliwa kijijini, awe wa nani, linakwenda kwake.

Kazi yangu ya kwanza walipoitazama walinyamaza. Halafu Mama Shija, unajua mdomo wake, akainama, akafuata mshono wangu kwa kidole kutoka upande huu hadi ule.

"Jamani, mshono huu ulishukia Nyakanazi ukapanda basi lisilo lake."

Walicheka, na mimi nikacheka, mikono mapajani. Alhamisi iliyofuata akasema, "Afadhali leo. Leo umepotea lakini umeuliza njia." Sasa hivi nikikumbuka nacheka kweli. Wakati ule nilikuwa nikifika nyumbani natupa ile kazi chini ya kitanda, nakwambia wewe uzime redio, kichwa kinaniuma.

Wewe ndiye uliyekuwa unaitoa chini ya kitanda. Ulikuwa unaokota vipande nilivyoviharibu, unakaa pale tunapoanika mihogo, umekunja miguu, unashona kwa mkono wa kushoto na ulimi umeutoa nje kidogo upande. Nilikuwa nakuona nikiwa napepeta, nikafikiri mtoto anacheza. Mpaka siku uliponiletea blanketi zima, ukaliweka mapajani mwangu, ukasema, "Mama, hili ni shamba."

Na lilikuwa shamba. Vipande vyeusi na vya kijani umevipanga kwa mshazari, tuta na mfereji, tuta na mfereji, kama kilima cha bibi mvua ikishanyesha. Mishono imenyooka, imefuatana kama siafu. Kwenye kona moja ulikuwa umeshona kipande kidogo chekundu. Nikakuuliza, na hiki? Ukasema, "Huyo ni kuku. Ameingia kufukua mbegu. Hajafukuzwa bado."

Nilicheka nikakubusu kichwani. Nikakwambia, Alhamisi nitalipeleka kwa Mama Domina, nitalitandaza, niwaambie ni la binti yangu. Ulikimbia ukazunguka nyumba mara mbili. Adelina, niamini hapa: nilipotoka nyumbani siku ile nilikuwa na nia hiyo hiyo. Njiani nilikuwa nayafanyia mazoezi maneno. "Ni la Adelina wangu, yuko la nne."

Nikatandaza. Nikakaa. Mikono mapajani, kimya, kama utaratibu unavyotaka.

Wakaanza kusema. Mmoja akasema hajawahi kuona mtu anapanga giza na mwanga namna hii. Mwingine akageuza nyuma akatazama mafundo, akasema, njooni muone, nyuma kama mbele. Mama Shija akapita na kidole chake, akaenda, akarudi, akasema, "Basi limefika. Tena kwa wakati." Mwisho akaja Mama Domina. Alikaa na lile blanketi muda mrefu. Akaweka mkono juu ya kile kipande chekundu.

"Huu ni moyo," akasema. "Huu ni moyo wa mama. Shamba lote hili kubwa, kazi yote hii, na moyo wa mama uko hapa pembeni, hausemi kitu. Mwanangu, wewe ni wa kwetu."

Wewe ni wa kwetu. Miaka yote nilikuwa nangoja mtu aseme maneno hayo, na aliyasema akiwa ameshika kazi yako.

Kisha akasema, "Haya, sema."

Nikasema, "Ndiyo, Mama. Ni moyo."

Hilo tu. Sikusema kwamba nimeshona mimi. Hakuna aliyeniuliza, na mimi sikusema. Usiku mwingi nimejitetea kwa hilo, kwamba kinywa changu hakikutamka uongo mkubwa, ulikuwa mdogo tu, wa moyo na kuku. Sasa najua uongo mwingine hauna haja ya kutamkwa. Unaukalia tu, unapata joto.

Nilipoinua macho nikaona sketi ya bluu mlangoni. Ulikuwa umekimbia kutoka shule ili usikie watakavyosema. Ulisimama kidogo, ukageuka, ukaondoka bila viatu vyako kutoa sauti. Niliona. Nataka ujue kwamba niliona.

Jioni ulipoingia ulikaa karibu na mafiga, ukaniuliza kwa upole, kama mtu ambaye hakuwepo, "Mama, walisemaje?"

"Wamelipenda."

"Ulisema ni la nani?"

Ulikuwa na miaka kumi, ukanifungulia mlango. Ulinipa nafasi ambayo mtu mzima asingempa mwenzake. Nami nikakwambia, "Nenda kachote maji, giza linaingia." Ndoo zote mbili zilikuwa zimejaa. Ulizitazama, ukachukua ndoo, ukaenda kuzimwaga, ukazijaza tena.

Kesho yake niliikuta sindano yako kwenye kopo langu la vifungo. Hujashona tena mpaka leo.

Hukunisemea kwa baba yako wala kwa bibi. Hukuninunia. Uliendelea kuniita mama kwa sauti ile ile. Nilipokuwa nakuuliza mbona hushoni, ulikuwa unasema una kazi za shule, na kweli ulikuwa nazo, ukazifanya, ukapanda mpaka ukawa unaongoza darasa. Watu wakanipongeza kwa hilo nalo. Nikajifariji: tazama, angekuwa anachezea vitambaa angeshindwa mtihani. Mzazi akitaka kujisamehe hakosi sababu.

Nikwambie na upande wangu ulivyokuwa, ucheke kidogo, maana unastahili. Alhamisi iliyofuata wote walikuwa wananingoja. Mama Adelina ataleta nini? Mama Adelina akaja amefunga kidole gumba kitambaa, akasema amejichoma na sindano, kimevimba. Wakanionea huruma. Mama Shija akaniletea majani ya kukanda. Nilikikanda kidole kizima kabisa mwezi mzima, mpaka ngozi ikabadilika rangi. Siku nilipokosa namna nikaanza kujifunza kweli, mchana mmekwenda shule, nashona na kufumua, nashona na kufumua, nikitafuta kushona kama mtoto wangu wa miaka kumi ili nifanane na sifa zangu. Nimefika mahali sasa. Mshono wangu unanyooka. Lakini sikuwahi kufika kwako.

Na kuna jambo lililokua bila mimi kulipanga. Pale kikundini mtindo mpya unaitwa kwa jina la aliyeuleta. Basi ule wa matuta na kipande chekundu wakauita "wa Mama Adelina", na kila mmoja akaushona. Zaidi ya miaka mitatu, Adelina. Watoto wa Nyantakara wanaotambaa sasa, karibu wote wamefunikwa shamba lako, na kila kona ina kuku wako, na mama zao wameambiwa ni moyo.

Labda ningeendelea kunyamaza hadi nizeeke. Sijivunii kilichonisukuma, maana sikuanza mimi. Wiki iliyopita nilikwenda Alhamisi kama kawaida, nikakuta mkeka umeshafunikwa. Walikuwa wamekutengenezea blanketi la shule, kwa siri, kila mmoja ameshona sehemu yake, wakaunganisha. Kubwa, la kutosha kitanda cha bweni. Mtindo ule ule. Mama Domina akaniambia, "Leo sisi sote ndio wenye kazi, kwa hiyo sisi ndio tunanyamaza. Lakini mtindo ni wako. Haya, sema wewe, tumpelekee mtoto na maneno."

Wakanyamaza wote, mikono mapajani, wananitazama kwa mapenzi. Nikafikiri: atalala chini ya hili miaka minne. Kila usiku atajifunika uongo wangu, tena kwa mikono ya watu wanaompenda.

Nikasema, "Ni kuku."

"Nani kuku?" Mama Shija akauliza.

"Hicho chekundu. Si moyo. Ni kuku ameingia shambani kufukua mbegu."

"Subiri kwanza. Mimi nimeshona mablanketi sita ya hivi. Nimemwambia mkwe wangu, kila ukimfunika mtoto ujue moyo wa mama upo hapa. Akalia! Kumbe nimemfunika mjukuu wangu kuku?"

"Tena hajafukuzwa," nikasema, na sijui kwa nini nilisema hivyo, nikaanza kulia.

Walicheka sana, wakafikiri nalia kwa kicheko. Mama Domina pekee hakucheka. Akaniuliza taratibu, "Na mwenye kuku ni nani?"

Nikawaambia. Yote, hadi ya kidole. Nilipofika kwenye ndoo za maji kicheko kilikuwa kimekwisha.

Mama Domina aliikunja ile kona yenye kuku. Akasema, "Ulinidanganya kwenye mkeka wangu. Nilikwambia wewe ni wa kwetu."

"Ndiyo, Mama."

"Nilisema kwa sababu ya blanketi?"

Nikajifuta uso kwa kanga.

"Ulikuwa unakuja kila Alhamisi kuchekwa, na kila Alhamisi unarudi. Ningekwambia hata kama ungetandaza gunia. Umemwibia mtoto kitu ambacho kilikuwa chako tayari."

Mwanangu, hilo ndilo lililoniuma kuliko yote, na ndilo nataka uende nalo, si kama fundisho, maana sina haki ya kukufundisha hapa. Nakwambia tu lilivyokuwa. Huko unakokwenda utafika kama mtu aliyekuja. Utakuta wanaojuana, wanaocheka kwa mambo usiyoyajua. Utatamani wakuone haraka, nami najua kutamani huko kulivyo na njaa. Mimi niliona kicheko chao ni mlango umefungwa. Kumbe nilikuwa nimeshaingia, nimekaa, nachekwa kama wanavyochekana wao. Sikujua kukaa ndani kunafananaje.

Nikawauliza kama wananisamehe. Mama Shija alitaka kusema ndiyo, alishafungua mdomo. Mama Domina akamzuia kwa mkono. "Si wetu kusamehe. Mwenye kazi yuko hai, analala nyumba moja na wewe. Kamuulize." Akasema pia kwamba sitatandaza kitu mkekani mpaka wewe urudi likizo ukae pale mwenyewe na useme unachotaka kusema, au usiseme. Nakwenda, nakaa, nachambua vipande. Ni haki. Na mtindo wameubadilisha jina papo hapo bila kikao. Mama Shija alisema, "Kazi ndogo. Toeni 'Mama', libaki Adelina." Wanauita hivyo sasa.

Blanketi lipo. Limekunjwa juu ya kitanda chako, utaliona ukiingia. Hawakutaka nilifungie kwenye tranka, walisema uamue mwenyewe. Ukilichukua, ni lako. Ukiliacha, nitalirudisha kwa Mama Domina na hakuna atakayekuuliza kitu. Usilichukue kwa kunihurumia. Nitaona, nakufahamu uso.

Nisikilize hapa kidogo. Nilidhani nimekuibia sifa ya alasiri moja. Miaka yote hii nimekuwa nikihesabu kosa dogo kuliko lilivyo. Nilichokuchukulia ni mablanketi ambayo hukushona baadaye. Sijui yangekuwa na nini kwenye kona. Mbuzi labda. Mimi nikiwa na kitambaa kwenye kidole kizima. Hayo siwezi kuyarudisha, hata nikisema kwenye mikeka yote ya Biharamulo. Naomba unisamehe, na kama huwezi sasa, nenda bila kunisamehe, usome vizuri, ule, ulale, uniite mama kwa sauti ile ile au nyingine. Nitaitika zote.

Sindano yako ipo kwenye kopo. Sitakuwekea kwenye tranka. Ukiitaka unajua ilipo.

Kitu cha mwisho. Nilipoanza kuandika nilikuwa nimepanga kuificha hii karatasi chini ya madaftari, uikute bwenini, Nyakanazi imeshabaki nyuma na mimi siwezi kuuona uso wako. Nimeandika kurasa zote hizi nikiwa na mpango huo. Sasa nasikia sauti zenu pale kwenye migomba, mdogo wako anakudai viazi, wewe unamwambia umekula vyote, na nimeona kwamba mpango ule ni woga ule ule.

Kwa hiyo ukiingia nitakupa mkononi. Kaa hapa kwenye kigoda, mimi nitakaa chini karibu nawe hadi umalize, na baadaye useme lolote, au unyamaze. Sitakutuma popote. Sitainuka hata kutazama chungu. Maharage yakiungua, yaungue.

Mama yako,
Konsolata